Bunduki ya mwindaji isifuate risasi ya vita

KINDU – Katika baadhi ya familia za Maniema, kuanzia Kasongo mpaka Lubutu, kuna bunduki ya babu iliyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya dari. Ni bunduki ya kulasi, ile ambayo mtu anavuta na kusukuma chuma cha nyuma kwa mkono kila anapotaka kupiga risasi moja. Mbao yake imechakaa, lakini chuma chake bado kizima. Kinachokosekana ni risasi zake. Duka linaloziuza halipo, na mzee aliyekuwa na sanduku la mwisho amekwisha kufa.

Hapo linazaliwa wazo linaloonekana jepesi. Bunduki ipelekwe kwa fundi, abadilishe mtutu, ili ikubali risasi inayopatikana. Na risasi inayopatikana mashariki ya Kongo inajulikana hata na watoto wanaookota maganda yake njiani. Ni risasi ya Kalashnikov.

Wazo hilo lina sababu zake, lakini ni baya. Ni baya kwa mwindaji mwenyewe, kwa familia inayomngoja, kwa kijiji chake na kwa msitu. Kubadilisha bunduki ile risasi nyingine ni kazi halali na ya zamani katika ufundi wa silaha, wala hakuna anayepaswa kuionea haya. Kosa liko katika kuibadilisha ile risasi ya vita, katika jimbo ambalo vita havijaisha.

Alama ya taji

Bunduki nyingi za kulasi zilizobaki Kongo zimetoka Ubelgiji. Kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, karibu na mji wa Liège, mwaka 1889, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Bunduki hiyo ya 1889 ilikula risasi ya 7.65, yenye ganda la urefu wa milimita 53, na Force Publique nayo iliibeba. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, FN ilitengeneza Mauser za mtindo wa 1898, za jeshi na za kuwindia.

Anayeisafisha vizuri bunduki kama hiyo huona juu ya chuma alama ndogo: herufi ELG ndani ya umbo la yai, na taji juu yake. Wengi hudhani ni pambo la kiwanda. Ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, iliyoanzishwa mwaka 1672. Maana yake ni kwamba kabla ya kuuzwa, bunduki hiyo ilipigwa risasi yenye nguvu kupita ile ya kawaida, na haikupasuka. Kwa kanuni za kimataifa zinazofuatwa leo, shinikizo la jaribio kwa bunduki za namna hii hupita kipimo cha juu cha risasi ya kawaida kwa asilimia 25. Muhuri ule ni ushahidi wa aina moja ya risasi peke yake. Siku fundi anapobadilisha chumba cha risasi, ushahidi umekufa, na bunduki inapaswa kujaribiwa upya. Hapa Maniema hakuna nyumba ya kufanya jaribio hilo. Jaribio litafanyika begani mwa mwindaji, karibu na jicho lake.

Kazi yenyewe ni nini

Watu wengi hudhani kubadilisha risasi ni kama kupanua tundu la mlango ili ufunguo mwingine uingie. Bunduki haikubali hesabu hiyo. Kuna vitu vinne ambavyo lazima vipatane: upana wa mtutu na kichwa cha risasi, umbo la chumba na ganda, kulasi na kitako cha ganda, na nguvu ya chuma na nguvu ya baruti. Kimoja kikikosa kupatana, vingine vitatu haviokoi kitu.

Ganda la shaba ndilo linalofunga moshi wa baruti usirudi nyuma. Baruti inapowaka, ganda linatanuka na kubana kuta za chumba. Likikaa ndani ya chumba kilicho kipana au kirefu kuliko lenyewe, linapasuka, na moshi wenye moto unatafuta njia kupitia kulasi, kuelekea uso wa anayelenga. Mauser ya 1898 iliongezewa jino la tatu la kufungia kulasi, na ilipangwa ili moshi wa namna hiyo upotezwe mbali na uso. Ile ya 1889 haina jino hilo. Kwa macho ya mtu asiye fundi, bunduki hizo mbili ni ndugu. Kwa nguvu, haziko sawa.

Lipo pia jambo ambalo chuma hakisamehe. Chumba cha risasi kinaweza kuchongwa kikaongezeka, lakini hakiwezi kurudishiwa kilichotolewa. Chumba kilichochongwa kwa ganda la milimita 53 au 57 hakiwezi kuwa chumba cha ganda la milimita 39, ambalo ndilo urefu wa ganda la Kalashnikov. Fundi wa kweli angehitaji mtutu mpya kabisa, pamoja na vipimo vya chuma vya kuhakikisha umbali kati ya kulasi na risasi. Anayesema atamaliza kazi hiyo kwa jioni moja kwa kutia kiraka ndani ya mtutu anauza ajali.

Hata majina ya risasi yanadanganya. Mtu husikia 7.65 na 7.62, akafikiri tofauti ni ndogo kama unywele. Lakini 7.62 yenyewe si moja. Kuna ile ya Kalashnikov, ya milimita 39. Kuna ya PKM, ya milimita 54, yenye ukingo kitakoni. Kuna ya FAL na MAG, ya milimita 51. Zote tatu zina jina moja la upana, wala hakuna inayoweza kukaa salama mahali pa nyingine. Katika nchi ambako risasi zinauzwa kwa kuhesabiwa mkononi, bila sanduku wala maandishi, kosa hilo ni jepesi sana.

Wengine walikimbia risasi ya jeshi

Mataifa mengi yamebadilisha Mauser zao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Norway ilichukua bunduki zilizoachwa na Wajerumani ikazipa mitutu ya risasi ya Kimarekani ya .30-06. Israeli ilizibadilisha zake zile 7.62 ya milimita 51, ikachoma namba 7.62 kwenye mbao ili askari asikosee risasi. Hayo yalikuwa majeshi yenye karakana, vipimo na stoo moja ya risasi.

Kwa wawindaji historia ina funzo jingine, nalo halisemwi mara nyingi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani walipobanwa na mkataba wa Versailles kuhusu silaha za kijeshi, mafundi wao walirefusha vyumba vya Mauser kutoka milimita 57 mpaka 60, ili bunduki ya kuwindia iache kula risasi ya jeshi. Ufaransa ilipoweka risasi za majeshi katika kundi la silaha za vita mwaka 1939, wawindaji wake nao walitumia bunduki zilizotengenezwa au kubadilishwa kwa risasi nyingine. Kanuni hiyo ilidumu mpaka mwaka 2013.

Maana yake ni rahisi. Risasi ya mwindaji ilitengwa na risasi ya jeshi. Mwindaji alibadilisha bunduki ili ajitenge na jeshi. Hapa wazo linalozunguka linakwenda kinyume: mwindaji abadilishe bunduki ili ajiunge na risasi ya vita. Wapo watakaosema kwamba Marekani wawindaji hutumia risasi zilezile za jeshi bila tatizo. Ni kweli, lakini huko risasi hizo zinauzwa dukani kwa ruhusa ya sheria, wala hakuna makundi yenye silaha yanayopita shambani usiku.

Mpaka kati ya risasi na risasi unaijua Kongo kwa upande mbaya pia. Tarehe 2 Julai 1890, mkutano wa Bruxelles ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya mstari wa 20 kaskazini na wa 22 kusini. Kongo yote ilikuwa ndani yake. Mwafrika aliachiwa bunduki ya gumegume, na mzungu alibaki na Mauser. Mpaka ule ulikuwa wa kudhulumu, na watu wana haki ya kuukumbuka kwa uchungu. Lakini mpaka unaohitajika leo una kazi nyingine: kumlinda mkulima anayewinda ili asihesabiwe kuwa mpiganaji.

Hatari ya kwanza ni mahakama

Sheria ya Kongo kuhusu silaha na risasi, ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inadai raia awe na kibali cha silaha anayoishika. Mtu mwenye bunduki ya kuwindia bila karatasi ana kesi. Mtu mwenye risasi za Kalashnikov mfukoni ana kesi ya aina nyingine kabisa. Kushika silaha na risasi za vita bila ruhusa ni kosa linalowapeleka raia mbele ya mahakama ya kijeshi, na waliokaa wakisikiliza kesi hizo wanajua kwamba maneno "nilikuwa nawinda tu" hayana uzito mkubwa mbele ya oditora.

Fikiria barieri moja. Mwindaji ana swala mgongoni, bunduki ya zamani, na risasi tano. Zikiwa za kuwindia, ataombwa permi, atabishana, pengine atatoa faini. Zikiwa za vita, swali linageuka: umezitoa wapi, umezinunua kwa nani, uko na kundi gani? Swali hilo si la upuuzi. Risasi hizo hazikuja kihalali. Zimetoka kambini kwa askari aliyeuza alichopewa kulinda watu, au zimetoka kwa kundi lenye silaha. Kila faranga inayolipwa kwa risasi hiyo inaingia katika mfuko uleule unaoendesha vita. Mwindaji anaweza kuwa na moyo safi, lakini fedha yake haikubaki safi.

Ndani ya msitu hali ni ileile. Walinzi wa ICCN katika hifadhi za Maiko na Lomami wanasoma maganda kama wavuvi wanavyosoma maji. Wakikuta ganda la kalibri 12, watajua mwindaji amepita. Wakikuta ganda la Kalashnikov, watajiandaa kukutana na watu wenye silaha nzito, na mtu anayetembea na hofu hiyo hufyatua mapema. Mwindaji aliyebadilisha bunduki yake amejivisha nguo za askari bila kujua.

Hatari ya pili ni mnyama

Wapo wanaodhani risasi ya vita ina nguvu kuliko zote. Hesabu inakataa. Risasi ya Kalashnikov ina kichwa cha gramu 8 hivi, kinachotoka kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde. Mwaka 1905 fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock alitengeneza risasi ya 9.3, ya milimita 62, ili iingie katika Mauser ya kawaida na kutumiwa na wawindaji wa Afrika. Kichwa chake kina gramu 18.5 na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 720. Nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Kalashnikov.

Risasi ya jeshi, tena, imefunikwa chuma kote ili ipenye. Inaweza kupita katika mwili bila kufunguka, na mnyama akaenda mbali kufa mahali ambapo hakuna atakayemwona. Nyati wa msituni mwenye kilo 250 mpaka 320 akijeruhiwa hivyo hafi haraka. Anajificha karibu na njia, na anayempata kwanza anaweza kuwa mama anayekwenda shambani kuchuma sombe. Nyama imepotea, mnyama ameteseka, na kijiji kimepata adui mpya.

Hoja za wawindaji

Si haki kumwambia mwindaji aache bila kusikiliza shida yake. Nyani wanamaliza mahindi. Nyama ya pori ndiyo inayolipa karo ya shule katika vijiji ambako barabara imekufa na mazao hayafiki sokoni Kindu. Permi inadai safari, siku, karatasi, na malipo yasiyoandikwa popote. Wakati huohuo mwenye Kalashnikov anapita bila kuulizwa permi. Mtu anayefuata sheria anaonekana mjinga.

Hoja hizo ni za kweli, lakini dawa yake haipo ndani ya mtutu. Ikiwa shida ni nyani na nyama ndogo, bunduki ya kalibri 12 yenye karatasi inatosha, na kartushi zake zinatengenezwa kiwandani hata ng'ambo ya mto, Pointe-Noire, katika kiwanda cha MACC. Zile za kalibri 12 na pupu za wahunzi wa vijijini nazo zina hatari zake, na hakuna sababu ya kuzisifu. Hata hivyo, hazimlazimishi mwenye nazo kwenda kwa muuzaji wa risasi za kambi.

Kwa mwenye Mauser nzima ambaye kweli anataka kuiokoa, njia halali ipo, ingawa ni ndefu: risasi ya kuwindia inayouzwa kwa kibali, fundi anayejulikana na serikali, mtutu mpya wenye vipimo, jaribio ambalo bunduki imefungwa mahali na watu wote wako mbali, na namba ya risasi mpya kugongwa juu ya chuma ili mjukuu asikosee. Sharti moja likikosekana, bunduki ikae kama ilivyo. Bunduki isiyo na risasi haijamuua mwenye nayo.

Wenye mamlaka nao wana deni

Serikali haiwezi kukataza tu kisha ikalala. Kongo ilitia saini Mapatano ya Kinshasa kuhusu silaha ndogo, yaliyopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Mapatano hayo hayataji bunduki peke yake. Yanataja risasi, na vipande vinavyoweza kutumika kutengeneza, kurekebisha na kuunganisha silaha. Kazi ya fundi wa kijijini imo ndani ya maneno hayo.

Jimbo lingeanza na mambo matatu. La kwanza ni kuandikisha mafundi wa bunduki kwa majina, pamoja na wachifu, bila kuwakamata siku ya kujiandikisha. Fundi aliyeandikwa atakataa kazi ya hatari kwa sababu ana kitu cha kupoteza. Aliyejificha hakatai kazi yoyote. La pili ni bei ya permi kubandikwa wazi kwenye ofisi ya kila wilaya, ili malipo ya chini ya meza yapungue. La tatu ni kufuata njia ya risasi za jeshi kutoka kambini. Mwindaji ndiye mnunuzi wa mwisho na mnyonge zaidi. Kumkamata yeye na kumwacha aliyefungua stoo ni kukata majani na kuacha mzizi.

Mashirika ya raia, makanisa na misikiti wanaweza kulisema jambo hili mahali ambapo sheria haifiki. Wazee wa uwindaji pia wana neno. Zamani mtu aliyewinda vibaya alinyimwa nafasi katika msafara wa kijiji, na adhabu hiyo iliumiza kuliko faini. Mzee anayesema mbele ya vijana kwamba risasi ya vita haiingii katika bunduki ya familia yake atasikilizwa kuliko tangazo la ofisini.

Maniema imekwisha kuzika watu wengi waliopigwa na risasi ya milimita 39. Bunduki ya babu ilipita vita vyote hivyo bila kuila hata moja. Afadhali ibaki na njaa.